Intaneti ya nyumbani Dar: kampuni kibao, ila mtaani kwako ipo moja

Waya wa intaneti umeishia kwa Mzee Kondo. Pale kona kuna nguzo, juu yake kuna kiboksi cheusi ukubwa wa kopo la rangi, kwenye kile kiboksi unatoka uzi mweusi mwembamba unaingia kwa Mzee Kondo na mwingine unavuka barabara kwenda kwenye fremu ya wakala wa pesa, baada ya hapo kinaanza kichochoro chetu na hamna kitu. Fundi wa kampuni alikuja Jumamosi asubuhi, akaegesha ngazi, akafungua kiboksi akachungulia, akashuka, akaanza kuhesabu hatua kutoka nguzo mpaka getini kwangu. Hatua 84. Akaniambia, "Kaka, waya unafika bila shida, ila poti zote nane zimejaa na ofisi haijapanga kuleta boksi jingine huku ndani." Nikamuuliza mpaka lini, akasema hilo wanalijua ofisini. Nikamuuliza je kampuni nyingine, akanyoosha mkono akanionyesha nguzo moja moja mpaka mwisho wa barabara akasema, "Huku tupo sisi tu."

Hayo maneno ndio yamenifanya nikae niandike hii. Maana ukipita Mwenge au Mlimani City mabango ni ya kumwaga, Vodacom, Yas, Airtel, Halotel, TTCL, na bado kuna kampuni za faiba, yaani intaneti ya waya wa kioo, ambazo hazina hata laini ya simu, unajiambia nchi hii ushindani upo wa kutosha. Halafu unarudi zako Tabata unakuta cha kuchagua ni rauta ya laini kwa laki na elfu 15 kwa mwezi au uendelee kuungaunga bando. Wengi tunamalizia hapo kwa kusema "intaneti Bongo ghali" na tunalala. Ila nimefuatilia hili jambo kwa muda sasa na nimeona kuna mafundo kama manne yamefungana, na kila mtu anavuta kamba yake, serikali inalaumiwa, kampuni zinalaumiwa, bahari inalaumiwa, tuyafungue moja moja.

Kwanza bando na intaneti ya nyumbani ni bidhaa mbili tofauti, hata kama zote zinakuletea YouTube ile ile. Bando unanunua ujazo, MB zikiisha umeisha na wewe. Mwaka 2021, kwenye ule mvutano wa vifurushi, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, waliweka mipaka ya bei, MB moja isiuzwe chini ya shilingi 2.03 na isizidi shilingi 9.35. Chukua hiyo ya chini kabisa. GB moja inakuja kama shilingi 2,080. Sasa nyumba ya watu watano yenye TV ya kisasa, watoto wana katuni zao, mama ana masomo ya mtandaoni jioni, baba ana vikao vya kazi, kumaliza GB 300 kwa mwezi ni kitu cha kawaida tu. GB 300 kwa bei ya sakafu ni zaidi ya laki 6 na elfu 20. Hamna anayelipa hiyo hela, kwa hiyo nyumba nzima inaishi kwa kujibana, video inashushwa ubora mpaka sura hazionekani, simu zinazimwa data zikiwa mezani, mtoto anaambiwa ngoja baba arudi.

Intaneti ya nyumbani unalipia upana wa bomba. TTCL walipoleta Faiba Mlangoni Kwako kifurushi cha chini kilikuwa elfu 55 kwa mwezi kwa spidi ya 20. Hiyo 20 ni megabiti kwa sekunde, gawa kwa 8 unapata MB 2.5 kila sekunde. Ukiliacha bomba wazi usiku na mchana siku 30, zinapita MB milioni 6 na ushee, na ukizipigia ile bei ya chini ya bando unapata zaidi ya shilingi milioni 13. Elfu 55 kwa milioni 13! Najua hamna nyumba inayotumia hivyo, na kampuni inajua, ndio maana inathubutu kuuza bei hiyo. Ila hesabu hii inakuonyesha gharama ya faiba inakaa wapi. MB yenyewe ikishafika Dar ni rahisi sana. Kinachokula hela ni kuifikisha getini.

Na MB kufika Dar ilikuwa shida kweli, wenye umri wangu mnakumbuka. Kabla ya 2009 tulikuwa tunategemea setilaiti, unaingia kafe ya intaneti pale Posta unalipia nusu saa, barua pepe moja inafunguka ukiwa umeshamaliza dakika kumi. Julai 2009 mkongo wa chini ya bahari wa SEACOM ukawashwa, Rais Kikwete akauzindua hapa hapa Dar, mwaka uliofuata ukaja EASSy, na Agosti 2023 mkongo mkubwa wa 2Africa ukatua pwani yetu kupitia Airtel. Sambamba na hiyo serikali ikajenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosimamiwa na TTCL, ambao umezunguka mikoani mpaka mipakani, na majirani wasio na bahari kama Rwanda, Burundi, Malawi na Zambia wanaweza kupitisha mawasiliano yao kwetu. Yaani sisi ndio mlango. Inauma ukijua wenzetu wa Kigali wanapitishiwa kwenye nchi yako wakati wewe uliye kilomita kumi na kitu kutoka baharini unasubiri poti ifunguke.

(Bahari nayo ina mambo yake. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu kule kati ya Msumbiji na Afrika Kusini na nchi ikapoteza sehemu kubwa ya intaneti kwa masaa mengi. Siku ile tulijifunza kwamba kampuni tano zenye majina matano zinaweza kuwa zinakunywa kwenye visima viwili. Hilo ni suala la uhakika wa huduma zaidi kuliko la bei, nisilivute sana.)

Sio kila kitu unachofungua kinatoka ng'ambo pia. Tangu 2004 hapa Dar kuna TIX, sehemu ambayo kampuni za intaneti zinakutana na kubadilishana mawasiliano ya ndani, ili mtu wa Sinza akimtumia faili mtu wa Ilala lisizunguke mpaka London ndio lirudi. Na hizo video zinazoangaliwa sana zinahifadhiwa kwenye mitambo iliyopo karibu, kwa hiyo ile katuni ambayo mtoto wako anairudia mara ya arobaini inawezekana kabisa haijavuka bahari toka mara ya kwanza.

Basi tufike kwenye kipande cha mwisho, kutoka barabarani mpaka sebuleni, maana hapa ndipo hela inapoishia na ndipo ushindani unapofia.

Faiba ya nyumbani inafanya kazi hivi. Kampuni ina mtambo mahali, tuseme kwenye kituo chake cha Tabata, kutoka pale unatoka uzi mmoja wa kioo mwembamba kama unywele. Uzi huo unafika mtaani unaingia kwenye kifaa kinaitwa splita, ambacho hakihitaji umeme wala nini, kazi yake ni kuugawa mwanga. Uzi mmoja unagawanywa nyumba 32 au 64, kila moja inapata kile kiboksi cheupe ukutani. Kwenye teknolojia iliyozoeleka bomba zima linabeba kama gigabiti 2.5 kwa sekunde kwenda chini, mnagawana. Hapo ndio uelewe kwa nini kampuni ikishafika mtaani na watu wakaunganishwa, mteja wa kumi na wa ishirini wanaiongezea gharama ndogo mno, na pia kwa nini hela yote inatoka kabla hata mteja wa kwanza hajalipa. Kuchimba, vibali vya barabara kwa TANROADS au TARURA, nguzo, mafundi, kurudishia lami. Uzi wenyewe ni bei chee. Jembe ndio ghali.

Sasa jiweke kwenye kiti cha yule anayepanga mitandao. Mbele yako kuna Upanga, ghorofa moja lina familia 40, mitaa imenyooka, wapangaji wana ofisi na kadi za benki, unavuta waya mmoja unapanda nao ngazi umemaliza. Pembeni kuna Tandale, Manzese, Kigogo, Mbagala ndani ndani, nyumba zimebanana, vichochoro havina majina, hamna pa kusimamisha nguzo mpaka uongee na wenye nyumba sita, na hujui wangapi watalipa mwezi wa tatu. Dar ilikuwa na watu milioni 5.38 kwenye sensa ya 2022 na sehemu kubwa wanaishi kwenye maeneo ambayo hayakupimwa. Kwa hiyo kampuni ya kwanza inaenda Upanga, Masaki, Mikocheni, Posta. Ya pili nayo inaenda huko huko, kwa sababu hesabu ni ile ile. Ndio maana ghorofa moja Upanga utakuta viboksi vya kampuni tatu vimepangana kwenye korido, halafu kutoka Buguruni kwenda Chanika unahesabu nguzo tupu.

Na huku kwetu katikati, Tabata, Kimara, Goba, Kinyerezi, Mbezi, ndipo unapotokea ule ugonjwa wa "tupo sisi tu". Kampuni ya kwanza ikifika mtaani ikawakamata wateja 15 kati ya nyumba 50, ya pili ikija inatakiwa ichimbe upya, isimamishe nguzo zake, ivute uzi wake, ili ikagombanie wale waliobaki pamoja na wachache watakaokubali kuhama. Gharama yake ni ile ile aliyolipa wa kwanza, wateja pungufu. Mkuu wa mahesabu anafuta huo mtaa kwenye ramani. Hapo hamna aliyekula njama wala kikao cha siri, hesabu peke yake imetosha kumpa wa kwanza mtaa mzima. Kwa hiyo ukisikia nchi ina watoa huduma wengi wenye leseni, ni kweli, leseni zipo, lakini mtu hanunui intaneti ya nchi, ananunua iliyopo kwenye nguzo yake. Ushindani uhesabiwe pale kwenye nguzo.

Kuna vitu vingine vinakaza hilo fundo ambavyo wateja hatuvioni. Majengo mengine mwenye nyumba au msimamizi ameshaelewana na kampuni moja, ya pili haruhusiwi kuingia na kebo. Rafiki yangu alihamia ghorofa fulani Kijitonyama, barabarani kuna faiba ya kampuni mbili, lakini mlinzi ana maelekezo ni fundi wa kampuni moja tu anapita geti. Alimfuata msimamizi, mama mmoja mtu mzima, akamsalimia vizuri shikamoo mama, akaeleza shida yake, akajibiwa "mwanangu hilo lilishaamuliwa kabla hujaja." Kuna na suala la kuhama. Ulilipia kuunganishwa, rauta uliyopewa imefungwa haikubali mtandao mwingine, ukihama unaanza upya na gharama za fundi, kwa hiyo hata pale penye kampuni mbili watu wanang'ang'ania ile inayowakera kwa sababu kuondoka nako ni hela.

Utaniambia sasa si kuna rauta za 4G na 5G, hizo hazihitaji nguzo wala kuchimba, ushindani ndio huo. Ni kweli kwa kiasi, na mimi ndio ninayotumia. Vodacom waliwasha 5G Septemba 2022 na wengine wakafuata, na zimesaidia watu wengi ambao faiba haitawafikia leo wala kesho. Ila tuelewe tofauti. Faiba ya mtaani mnagawana nyumba 32 au 64, mnara mnagawana wote mliopo chini yake, wa kwenye rauta, wa kwenye simu, na bodaboda aliyesimama kituoni anaangalia mpira. Masafa yana mwisho. Mimi rauta yangu saa tano asubuhi inanipa spidi niliyolipia na hata zaidi, ikifika saa mbili usiku watu wote wamerudi, inashuka mpaka kikao cha video kinaganda, dada yangu aliyeko Mwanza ananiona nimefungua mdomo nimenyamaza. Nikipiga simu huduma kwa wateja wananiambia nizime niwashe.

Masafa yenyewe yananunuliwa kwa hela ndefu. Kwenye mnada wa Oktoba 2022 Airtel peke yake ilitangaza kulipa dola milioni 60.1 kwa masafa yake mapya. Hiyo hela lazima irudi, na inarudi kupitia mimi na wewe. Kwa hiyo kampuni ya simu haina haraka ya kushusha bei ya rauta mpaka ikaribie ya faiba, labda faiba iwe imesimama mlangoni kwako inasubiri. Pale ambapo faiba haipo, rauta ndio inapanga bei peke yake.

Kodi sasa. Hapa serikali haikwepi. Kwenye huduma za mawasiliano kuna ushuru wa bidhaa kama asilimia 17, halafu juu yake inakaa VAT asilimia 18, na nimesema juu yake kwa sababu VAT inapigwa kwenye bei ambayo tayari imeshabeba ushuru. Huduma ya shilingi 100 inamfikia mteja kwa kama 138. Kwenye laki na elfu 15 yangu, kama elfu 32 ni kodi. Sipingi kodi, barabara ninayopita imejengwa kwa kodi, lakini ushuru wa bidhaa ndio ule ule tunaoutoza bia na sigara, vitu ambavyo tunataka watu wavipunguze. Mtoto anayetafuta past paper za kidato cha nne tunamtoza kwa mantiki hiyo hiyo. Hilo linaniumiza zaidi kuliko hata spidi.

Na uzito wa hizi bei unauona ukiziweka kwenye mshahara. Kima cha chini cha mtumishi wa serikali kilipandishwa mpaka laki 5 kuanzia Julai 2025. Rauta ya laki na 15 ni asilimia 23 ya huo mshahara kabla ya makato. Hata ile faiba ya elfu 55, ambayo ni bei nzuri kwa hapa kwetu, ni asilimia 11. Tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya kasi ilijiwekea lengo kwamba huduma ya msingi isizidi asilimia 2 ya pato la mtu kwa mwezi ifikapo 2025, na kwa pato letu la kama dola 1,200 kwa mtu kwa mwaka, hiyo asilimia 2 ni dola mbili. Kama shilingi elfu tano. Tupo mbali sana na lengo.

Je ushindani kweli unashusha bei au ni maneno tu? Angalia hapo jirani. Starlink, wale wa intaneti ya setilaiti, walianza kuuza Kenya Julai 2023. Mwaka mmoja baadae, Julai 2024, Safaricom waliiandikia mamlaka ya mawasiliano ya Kenya kuitaka iwe makini na kutoa leseni kwa kampuni za setilaiti za nje. Sawa, ni haki yao kuandika barua. Ila haikuchukua muda wakaongeza spidi za faiba ya nyumbani bila kugusa bei, kifurushi cha shilingi 2,999 za Kenya kikatoka megabiti 10 kwa sekunde kikawa 15, cha 12,500 kikatoka 100 kikaruka mpaka 500. Mara tano, bei ile ile! Waya ni ule ule, nguzo ni zile zile, kwa hiyo hiyo nafasi ilikuwepo siku zote, ilikuwa inasubiri mtu wa kuisukuma. Na aliyesukuma alikuwa mbadala tu ambao mteja angeweza kuuendea.

Setilaiti haitatumalizia shida jijini, hilo niseme wazi. Inafaa zaidi Liwale au Mlele kuliko Tandale, maana watu wakibanana kwenye eneo dogo na yenyewe inajaa. Dar dawa yake ipo chini, kwenye nguzo na mifereji.

Njia ipo na imeshajaribiwa. Ukiangalia vizuri, kitu ambacho hakifai kujengwa mara tatu ni nguzo na uzi. Huduma inayopita ndani ya uzi inaweza kuuzwa na kampuni hata kumi. Stockholm mwaka 1994 jiji lilianzisha kampuni yake ikaitwa Stokab, ikachimba mara moja ikazika nyuzi tupu, halafu kila mtoa huduma anakodi, Stokab yenyewe haimuuzii mwananchi. Johannesburg kuna mtaa unaitwa Parkhurst, mwaka 2014 wakazi wenyewe kupitia chama chao waliitisha zabuni, kampuni ya Vumatel ikashinda ikavuta faiba kila nyumba, na mkazi anachagua mtoa huduma anayemtaka juu ya uzi ule ule, akichukia anahama bila fundi kupanda ngazi. Na Marekani, ambako nako nyumba nyingi zina chaguo moja au mawili, mji wa Chattanooga kampuni ya umeme ya mji ilisema sisi nguzo tunazo tayari, ikavuta faiba, ikaburuzwa mahakamani na kampuni kubwa ya kebo, ikashinda, na 2010 ikawa inauza gigabiti moja mji mzima wakati miji mikubwa kuliko huo haina.

Mfano wa Chattanooga ndio unanikaa kichwani kila nikitoka nje, kwa sababu kwenye kichochoro chetu kampuni ya faiba imefika nguzo moja tu, lakini TANESCO wamefika kila nyumba. Kila moja. Hata kwa yule bibi wa mwisho kule bondeni nguzo ya umeme ipo. Njia ya kufikisha uzi imeshasimama, imeshalipiwa, na kampuni zikiruhusiwa kupita juu yake zote kwa bei moja iliyo wazi, ile hesabu ya kampuni ya pili inabadilika kabisa, haichimbi tena, inapanda ngazi.

Ila tahadhari moja. Kuwa na mtandao mmoja wa pamoja kunaweza kugeuka kuwa ukiritimba mpya wenye jina zuri. Rwanda mwaka 2013 waliipa kampuni moja haki ya peke yake kuuza 4G kwa jumla kwa miaka 25, wengine wote wanunue kwake. Matokeo yake 4G ilikuwa ghali na ikakawia kushika, mpaka wakaamua kuivunja hiyo haki na 2023 kampuni za simu zikaruhusiwa kuwasha 4G zao wenyewe. Kwa hiyo mwenye nguzo asiwe ndiye muuzaji anayeshindana na wanaomkodi, na kama ndiye, basi bei ya kukodi iwekwe hadharani na TCRA waisimamie kwa nguvu kama walivyosimamia bei ya MB. Na Tume ya Ushindani waangalie hizi ghorofa za mlango mmoja. Sheria ya ushindani tunayo toka 2003.

Wakati hayo yanasubiriwa watu hawajakaa. Umeshaona yale mabango ya karatasi ukutani, "WIFI HAPA, masaa 24 jero, wiki 2,500". Kijana anavuta faiba moja au anaweka rauta kubwa, anafunga antena juu ya bati, anauza vocha dukani kwa Mangi. Nimeishia kuwaheshimu sana hawa vijana, wamefikisha intaneti Mbagala ndani kwa bei ambayo kampuni zimesema haiwezekani. Lakini wengi hawana leseni, na kuuza intaneti bila leseni ya TCRA ni kosa kisheria, kwa hiyo wanafanya kwa kujificha, hawakopesheki, hawawezi kusimamisha nguzo ya halali. Wangepewa leseni nyepesi ya ngazi ya mtaa, nadhani nusu ya kampuni ya pili tunayoisubiri ingekuwa ndio wao.

Kwetu tulifanya kitu kidogo. Baada ya yule fundi kuondoka nilikaa na Mama Salma jirani yangu tukapita nyumba kwa nyumba na daftari, jina, namba ya nyumba, unalipa shilingi ngapi kwa mwezi. Kaya 17. Nne zina rauta za laini, kila moja kama laki na kumi. Zilizobaki 13 zinanunua bando, ukijumlisha simu zote za ndani inakuja wastani wa elfu 30 kwa nyumba, kuna mama mmoja muuza vitafunwa alishtuka mwenyewe tulipomjumlishia jero jero zake za kila siku. Jumla laki 8 na elfu 30 kwa mwezi. Karibu milioni 10 kwa mwaka, kutoka kichochoro kimoja ambacho kwenye ramani ya mtu kimeandikwa hakilipi.

Jumatatu nikalipeleka lile daftari ofisini kwao. Dada wa kaunta alilisoma ukurasa mzima kimya, akamwita kaka mmoja kutoka ndani, yule kaka akalipiga picha, akaniuliza nguzo ya umeme iliyo karibu na nyumba ya kumi na saba ina namba gani. Sikuwa naijua. Jioni nimetoka na tochi nimeisoma, nimemtumia.